Malkia wa Jumba Lililoungua

Jumamosi, 2 Agosti

Nimepata umalkia. Naandika upesi kabla mtu hajabadili mawazo. Miaka yote niliyoigiza katika Jumba la Maonyesho la mji huu nimekuwa mjakazi, jirani mmbeya, mkunga, na maiti mara mbili (mara ya pili nilipiga chafya). Leo Mwongozaji amenishika mkono mbele ya wenzangu akasema, "Dada, mchezo mpya wa msimu huu, wewe ndiye Malkia." Nilijikaza nisilie. Nililia.

Nyumbani nilimkuta mume wangu ameketi barazani anapiga viatu rangi. Yeye ndiye mkuu wa zimamoto. Mji mzima humwita Kamanda, hata mimi, isipokuwa nikiwa nimekasirika.

"Hongera, bibie," akasema. "Sasa maiti ataigiza nani?"

Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, akauliza kama malkia hulipwa zaidi ya maiti. Nikamwambia malipo ni yale yale. "Basi ungebaki maiti," akasema. "Maiti hana mistari ya kukariri."

Jumatatu, 4 Agosti

Jua kali, mvua hakuna. Nimekariri ukurasa mzima nikiosha vyombo, na nimevunja sahani moja kwa ishara ya kifalme.

Jumapili, 10 Agosti

Leo mchana tulionyesha mchezo wa zamani kwa mara ya mwisho kabla ya kuanza mazoezi ya mpya. Nilikuwa jirani mmbeya. Kutoka jukwaani nikamwona mama mkwe safu ya tatu, ametulia, anatafuna bisi. Sikumpa tikiti, na najua kwa yakini kwamba hakununua.

"Nilipe nini kukutazama wewe," akaniambia tulipofika nyumbani, "na hapa nakutazama bure kila siku?"

"Umepita wapi, Mama?"

"Nimepita. Mwenda bure si mkaa bure."

Jumba letu ni kuukuu. Sakafu ni ya mbao, viti vya mbao, balkoni ya mbao, dari ya mbao. Lina mlango mkuu mbele na milango mitatu pembeni. Tena nyuma ya choo cha wanawake kuna tundu, mahali ukuta ulipobomoka zamani. Kila mwaka Mwongozaji huomba lizibwe. Idara ya Ujenzi husema choo ni cha Idara ya Afya. Idara ya Afya husema choo ni chao kweli, lakini ukuta ni wa Ujenzi. Jambo pekee wanalokubaliana ni kwamba tundu si la mtu. Sisi tumelifunika kwa turubai kuukuu lililochorwa msitu, na siku zinakwenda.

Jumatano, 13 Agosti

Baraza la mji limekaa kujadili watazamaji wa bure. Mwenyekiti wa baraza, ambaye haitiki usipomwita Mheshimiwa, ametoa uamuzi kwamba milango mitatu ya pembeni ipigwe kufuli kila siku ya onyesho. Kufuli zimekuja leo, kubwa, zinatisha hata zikiwa zimelala mezani. Funguo ziko kwa mtunza jumba, ndiyo maana tumeanza kumwita Bwana Funguo.

Bwana Funguo ni mtu wa utaratibu. Jumapili, siku yetu ya maonyesho, si siku yake ya kazi, kwa hiyo atafunga Jumamosi jioni na kufungua Jumatatu asubuhi. Funguo haziwezi kubaki jumbani kwa kuwa ni mali ya umma, basi atakwenda nazo kwake.

"Na sisi tukitaka kutoka?" nikamuuliza.

"Mtatoka mlikoingilia," akasema. Sikuona ubaya wa jibu hilo. Nilikuwa nawaza gauni langu.

Jumapili, 17 Agosti

Kwaya ya shule imeimba jumbani. Milango mitatu ilikuwa na kufuli, na watazamaji wa bure wameongezeka. Mheshimiwa ameagiza kila mlango upigwe kufuli ya pili.

Jumanne, 19 Agosti

Kamanda amerudi amenuna. Mvua zimegoma, bomba za mji zinatoa upepo mtupu, na baraza limegundua kwamba gari la zimamoto lina tangi kubwa lililokaa tu. Sasa kila asubuhi na kila alasiri linamwagilia maua ya mzunguko wa barabara kuu, kisha linapita kwa Mheshimiwa kumwagilia nyasi. Kamanda alikwenda kulalamika.

"Kamanda," Mheshimiwa akamuuliza, "mwaka huu moto umewaka mara ngapi?"

"Mara moja, Mheshimiwa."

"Na maua yananyauka mara ngapi?"

"Kila siku, Mheshimiwa."

"Umejijibu mwenyewe."

Alipokuwa akisimulia nilikuwa nimefunga pazia la dirisha mabegani, najifunza kutembea na mkia wa gauni. Nilimwambia asijali, mvua zitakuja. Aliniangalia akacheka kidogo, akaniambia natembea vizuri ila nimeburuta kuku. Kweli, kulikuwa na kuku.

Alhamisi, 28 Agosti

Juu ya jukwaa letu linaning'inia pazia la chuma. Waliojenga jumba waliliweka ili moto ukizuka jukwaani lishushwe, watazamaji wabaki salama upande wao na waigizaji wabaki upande wetu. Sehemu hiyo ya pili sijawahi kuelezwa vizuri. Mwaka juzi, mji ulipofanya jubilei, baraza liliamuru pazia hilo lichorwe uso wa Mheshimiwa, rangi ya mafuta tabaka juu ya tabaka, kidevu kikiwa chini na kofia juu kabisa. Tangu hapo limekuwa likikwama.

Leo Mwongozaji alijaribu kulishusha. Kilianza kidevu, ukafuata mdomo, ikaja pua, likagoma. Tukabaki na nusu ya Mheshimiwa, bila macho. Waziri wangu (nasema yule anayeigiza waziri, kinyozi kwa kazi yake) alicheka mpaka akakaa chini. Kwa bahati mbaya Mheshimiwa mwenyewe alikuwa anaingia kukagua maandalizi. Ametoa amri lipandishwe, lifungwe kwa kamba, na lisishushwe tena na mtu yeyote kwa sababu yoyote ile.

Ijumaa, 5 Septemba

Sitaki kuandika lakini nitapasuka.

Kwa sheria, mchezo mpya hauanzi bila cheti cha usalama, na cheti hutolewa na mkuu wa zimamoto. Nilifurahi. Nani mwingine katika mji huu anamlaza mkaguzi wake nyumbani? Kamanda akaja jumbani amevaa sare, na vijana wake wawili nyuma. "Habari za kazi, dada," akaniambia, mtu niliyemmiminia chai asubuhi ile ile.

Akatikisa kufuli moja baada ya nyingine. Akauliza funguo ziko wapi siku ya onyesho. Akavuta mlango mkuu, akaona unafungukia ndani. Akanyanyua mtungi mwekundu wa kuzimia moto kwa kidole kimoja.

"Huu una nini ndani?"

"Umepakwa rangi mwezi uliopita," akajibu Bwana Funguo.

Akaangalia kamba ya pazia la chuma. Akafungua ubao wa swichi pembeni mwa jukwaa, akachungulia, akaufunga taratibu kama aliyemkuta mtu anaoga. Kisha akamgeukia Mwongozaji mbele yetu sote, akasema, "Sitii sahihi."

Nilimvua ukamanda palepale. Nilimwita kwa jina lake la kuzaliwa, mbele ya vijana wake.

Jumapili, 7 Septemba

Sisemi naye. Mama mkwe ndiye anatufikishia habari.

"Mama, mwambie mwanao chakula kiko mezani."

"Mwanangu, chakula kiko mezani."

"Mama, mwambie mkweo ahsante."

"Anasema ahsante. Na mimi nasema nyinyi wawili mkipatana mtanilipa, koo linaniuma."

Jumatano, 10 Septemba

Bado. Jua lile lile.

Ijumaa, 12 Septemba

Mheshimiwa amemwita Kamanda ofisini. Amemwambia mji umeshaalikwa, na kwamba wako vijana wengi wanaotamani kuwa makamanda. Haya Kamanda alimsimulia mama yake jikoni, mimi nikiwa mlangoni. Mama mkwe akamwambia, "Mtu mzima hafundishwi kusema hapana. Ulishasema. Kaa hapo hapo."

Nilikuwa na nafasi ya kunyamaza. Badala yake niliingia, nikavunja kimya changu cha wiki nzima. Nilimwambia miaka yote nimefua sare zake zenye masizi bila kumwomba kitu. Nilimwambia moto wake huo anaouota hajawahi hata kuuona humo jumbani. Nilimwambia ananionea wivu, kwa kuwa yeye ni kamanda wa maua na mimi nitakuwa malkia. Nililia pia, na sehemu ya kilio ilikuwa ya kweli.

Alikwenda kulala na jua halijazama.

Jumatatu, 15 Septemba

Ametia sahihi! Mchezo utaanza Jumapili ya kwanza ya Oktoba. Nimempikia anachokipenda. Hakula sana, basi nimekula kwa niaba yake.

Jumatano, 17 Septemba

Cheti kimepokelewa kwa hafla. Mheshimiwa alitaka kipigwe picha kikitundikwa, na mpiga picha akasema mwanga mzuri uko pembeni mwa jukwaa, karibu na ubao wa swichi. Mheshimiwa akashika nyundo mwenyewe. Msumari wa kwanza ukapinda. Wa pili ulikuwa mrefu, akautwanga ukaingia wote, na taa zote za jumba zikakonyeza. Watu wakapiga makofi.

Fundi umeme alisogea akasema, "Mheshimiwa, hapo ndani kuna nyaya..." Wakamwambia apishe, anaingia kwenye picha.

Jumatatu, 22 Septemba

Taa zinatetemeka tangu wiki iliyopita. Fundi umeme anataka kuubomoa ukuta aangalie. Mwongozaji amemkataza kugusa. "Hiyo ndiyo hali niliyoitafuta miaka yote," anasema. "Malkia akikasirika, taa zinaogopa." Pana harufu ya kitu kinachoungua, na Bwana Funguo anasema ni panya.

Jumanne, 30 Septemba

Gauni limefika. Mama mkwe ameutazama mkia wake, akasema angalau sakafu itadekiwa.

Jumatatu, 6 Oktoba

Hakufa mtu. Nianze na hilo, maana tangu jana ndilo ninalojiambia kila nikivuta pumzi. Hakufa mtu.

Jumba lilijaa. Mheshimiwa alikaa safu ya mbele na mkewe. Watoto wa shule walikuwa balkoni. Mama mkwe safu ya tatu, na bisi zake. Kamanda alikuwa zamu kituoni. Sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri mno. Niliposhuka ngazi za kiti cha enzi nilisikia ukumbi mzima ukivuta pumzi, na nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu. Samahani Kamanda, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Sehemu ya pili nilikuwa namhukumu Waziri. Nikanyanyua mkono, nikapaza sauti, taa zikatetemeka. Nikasema mstari unaofuata, taa zikazimika, zikarudi. Ndipo kutoka safu ya tatu nikasikia, "Mwanangu! Acha umalkia! Nyuma yako kunawaka!"

Watu wakacheka. Mimi nikakasirika, Mungu anisamehe, nikadhani ameamua kuniharibia. Nikageuka ili nimtupie jicho Waziri, nikaona Waziri hayupo. Pembeni, palipotundikwa cheti, ukuta ulikuwa unatoa ulimi wa moto, na fundi umeme anaupiga kwa gunia. Mtungi mwekundu ulikuwa umetupwa chini, hautoi hata mate. Pazia la kitambaa likashika. Waziri alikuwa juu ya ngazi anakata kamba ya pazia la chuma kwa wembe wa kinyozi. Kamba ikakatika, pazia likashuka kwa kishindo mpaka puani, likakwama. Mimi nikawa nimebaki mbele yake, upande wa watazamaji, wenzangu wakitambaa kunifuata, na moto nao ukawa unapita chini ya kidevu cha Mheshimiwa.

Hapo ndipo watu walipoacha kucheka. Walikimbilia milango ya pembeni wakakuta kufuli mbili mbili. Walikimbilia mlango mkuu, na kwa kuwa unafungukia ndani na wao walikuwa wanasukuma nje, wakaufunga wenyewe kwa vifua vyao. Nilisikia watoto wanalia juu. Sijawahi kuogopa namna ile na sitaki tena.

Mama mkwe akapanda juu ya kiti, akavua mtandio, akaanza kuupunga. "Huku! Choo cha wanawake! Nyuma ya msitu kuna njia!" Sauti yake haikufika mbali. Yangu inafika, ndicho kitu pekee nilichonacho. Nikapiga kelele kwa sauti ya Malkia, kutoka tumboni kama Mwongozaji alivyotufundisha: "Chooni! Wote chooni! Watoto mbele! Asiyesukuma atapita!"

Walinitii. Naona aibu kusema kwamba hata dakika ile nililiona hilo.

Kumbe nusu ya ukumbi waliijua njia. Watazamaji wa bure ndio waliotangulia, wakashika watoto mikono, wakang'oa turubai, wakaanza kuwapitisha wenye tikiti mmoja mmoja, wakiwaelekeza wapi pa kuinama na wapi pana msumari. Bwana mmoja mwenye tai akasimama mlangoni pa choo, akasema yeye ni mwanamume. "Basi ungua kwa heshima," akamwambia mama mkwe, na yule bwana akaingia. Mheshimiwa alipojaribu kupita mbele ya watoto alipigwa mkoba kichwani. "Foleni!" Akapanga foleni. Alitokea upande wa pili kwa magoti na viganja, mbele ya watu wote waliokuwa wametoka bure.

Mimi na mama mkwe tulitoka mwisho. Alikataa kunitangulia. "Pita na hilo deki lako, usije ukanizibia njia," akasema, akaukanyaga mkia wa gauni ukachanika, akanisukuma.

Gari la zimamoto lilifika likitokea mzunguko wa barabara kuu, ambako vijana walikuwa wamemaliza kumwagilia. Maji yaliyobaki hayakutosha kuosha gari lenyewe. Nilimwona Kamanda akikimbia kati ya watu, anaita. Alimpata mama yake kwanza, kisha akaniona nimekaa chini na taji kichwani. Akanishika mabega yote mawili. Baadaye akarudi kwenye mpira wa maji ulionyauka, akausimamia mpaka paa likaanguka, kwa sababu ndiyo kazi yake.

Fundi umeme ameungua mikono. Mwalimu mmoja amevunjika bega kwenye mlango mkuu. Jumba halipo.

Jumapili, 12 Oktoba

Mvua imenyesha kutwa. Kamanda amekaa dirishani anaitazama, na mimi sijathubutu kukaa naye.

Jumatatu, 20 Oktoba

Kamanda amesimamishwa kazi. Yeye ndiye aliyetia sahihi, wanasema, na kweli ni sahihi yake. Wamekuja kuchukua sare. Nilizikunja mwenyewe nikawapa. Mama mkwe aliwaambia wasubiri, akarudi na kifungo kimoja kilichokuwa kimedondoka. "Msije mkasema tumeiba," akasema, kisha akaingia chumbani akafunga mlango. Ndiyo mara ya kwanza nimemsikia akilia.

Jumamosi, 1 Novemba

Mheshimiwa amekuja nyumbani na kikapu cha matunda. Kamanda hakuwepo. Tume ya uchunguzi inaanza Jumatatu, mwenyekiti wake ni shemeji yake Mheshimiwa, na mimi nimeandikwa kuwa shahidi. Ameniambia jumba jipya litajengwa, la saruji, na siku ya ufunguzi atataka malkia yule yule. "Wewe eleza ulivyowaokoa watu," akasema. "Mambo ya misumari na sahihi waachie wataalamu." Kisha akamwangalia mama mkwe akaongeza kwamba baraza halina nia ya kumshtaki mtu aliyekuwa akiingia bila tikiti.

Alipoondoka, mama mkwe alikula chungwa. "Tamu," akasema. "Yeye mchungu." Hakuniambia nifanye nini, nami nilitamani aniambie.

Jumanne, 4 Novemba

Tume inakaa katika ukumbi wa shule. Mama mkwe aliuliza mlangoni kama kuna kiingilio.

Bwana Funguo ameonyesha funguo zote sita. Hata mmoja haukuungua, na tume imemshukuru kwa uangalifu. Idara ya Ujenzi imeeleza kwamba tundu ni njia ya dharura waliyoiacha makusudi. Idara ya Afya imesimama kupinga vikali: tundu liko chooni, kwa hiyo ni lao. Wamebishana mpaka saa ya chakula. Fundi umeme alitaka kusema kuhusu ukuta, lakini tume imeona mikono yake ina bandeji, ikamwonea huruma, ikamwambia akapumzike.

Kamanda aliulizwa kama sahihi ni yake. "Ni yangu." Aliulizwa kwa nini aliitia. Alisimama pale na koti lake la kiraia, akanitazama kidogo tu, akasema, "Niliitia." Nilijua anamficha nani.

Alhamisi, 6 Novemba

Leo ilikuwa zamu yangu. Nilisimama mbele yao bila gauni la kujifichia.

Nilianza na msumari. Nikasema nani alishika nyundo, taa zilikonyezaje, na fundi aliambiwa nini. Mheshimiwa alikohoa. Shemeji yake akaniinamia akitabasamu, akauliza, "Lakini mama, mumeo si alitia sahihi? Alilazimishwa na nani?" Alidhani nitasema hakulazimishwa na mtu.

"Na watu wawili," nikasema. "Mheshimiwa alimtishia kazi yake. Wa pili ni mimi. Mume wangu alikagua vizuri na akakataa vizuri. Mimi ndiye niliyemnunia, nikamlilia, nikamwita mwenye wivu, kwa sababu nilitaka kuvaa taji. Watoto wenu walikuwa balkoni. Nilitaka taji."

Nilidhani nikishasema nitajisikia mwepesi. Sikujisikia hivyo. Mama mmoja ambaye mwanawe alikuwa balkoni alinitazama, na nikaona kwamba hatanisamehe, si leo. Shemeji akafunga kikao kabla ya wakati. Mheshimiwa alipita karibu yangu bila salamu, kwa hiyo jumba jipya litapata malkia mwingine.

Tulirudi kwa miguu kwenye mvua, sote watatu chini ya mwavuli mmoja ambao ulimfunika mama mkwe peke yake. Kamanda alitazama matope njia nzima. Nikajua nimemwaibisha mara ya pili, sasa hadharani.

Tulipofika, mama mkwe akaenda kubadili nguo. Kamanda akavua viatu, akavigonga matope, akasema bila kuniangalia, "Umesema vizuri. Lakini kuna mahali umeruka."

"Wapi?"

"Ulinililia, kweli. Yule alinitishia, kweli. Kalamu niliishika mimi. Nilijua kila kilichokuwa kibovu mle ndani kuliko mtu yeyote, nikaishika. Hilo hukulisema."

"Nilikuwa nakutetea."

"Najua, bibie." Akanishika mkono, kwa mara ya kwanza tangu siku ya moto. "Kesho naomba kurudi mbele yao, niliseme mwenyewe."

Hakuna aliyemwita. Kuna mashahidi chungu nzima walioshukuru Mungu kumaliza zamu zao, na huyu mmoja anaomba kurudi. Nilitaka kumwambia asiende, kwamba akisema hivyo hatarudishiwa kazi kamwe. Nilifungua mdomo, nikakumbuka mara ya mwisho nilipoufungua, nikaufunga. Sare wamechukua, basi nimempigia pasi shati lake jeupe, na kesho nitakaa safu ya mbele nimtazame.